Waya Mwekundu Ulionisumbua: Kuchagua na Kufunga Kidhibiti cha Breki za Trela

Kwa muda wa miezi minne nilikuwa nikivuta trela nikiamini kuwa lina breki, na kwa kweli lilikuwa nazo: ngoma nne, sumaku nne, na viatu vya breki ambavyo havikuwa vimelika hata kidogo. Kilichokosekana ni kitu cha kuziamuru. Gari langu lilikuwa na ndoano ya kuvutia pamoja na soketi ya umeme, taa zote za trela ziliwaka sawasawa, nami nikahesabu kwamba mambo yamekamilika. Siku moja kwenye mteremko mrefu, trela likiwa limejaa matofali, nilikanyaga breki nikahisi gari linasukumwa kutoka nyuma kama mtu anayesukumwa na umati mlangoni. Pua ya gari iliinama, usukani ukawa mwepesi mikononi, na harufu ya breki zilizopata moto ikaingia madirishani. Nilifika chini salama, nikaegesha pembeni, nikakaa dakika kadhaa bila kushuka.

Jioni ile ile nilianza kutafuta habari za kidhibiti cha breki za trela, yaani kile kisanduku kinachofungwa karibu na dereva na kuzipelekea breki za trela umeme kila pedali inapokanyagwa. Tangu hapo nimefunga viwili, kimoja nikakifungua na kukiweka kando, na nimesaidia kufunga kingine kwenye gari la mtu. Nikiulizwa leo, jibu langu ni kwamba watu wengi hutumia wiki nzima kuchagua kifaa na nusu saa kuunganisha nyaya, ilhali ingefaa iwe kinyume chake.

Hata hivyo uchaguzi haukwepeki, na unaanzia kwenye trela lenyewe, kwa sababu si kila trela lenye breki linahitaji kidhibiti. Yako matrela yenye breki za msukumo, ambayo kichwa chake kinachoshika ndoano kina sehemu inayoteleza kuingia ndani pale gari linapopunguza mwendo, na msukumo huo ndio unaovuta kebo ya chuma au kusukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Breki hizo hujiendesha zenyewe wala hazina habari na umeme wa gari. Ndizo zilizozoeleka Ulaya, ambako huruhusiwa kwa matrela yasiyozidi kilo 3,500. Mwenye trela la namna hiyo akinunua kidhibiti atakuwa amenunua pambo la dashibodi. Aina ya pili ni breki za umeme, ambazo zimeenea sana Marekani, Kanada na Australia, na hizi ndizo zinazokitegemea kidhibiti moja kwa moja. Ya tatu ni mchanganyiko: pampu ya umeme iliyofungwa juu ya trela husukuma mafuta ya breki, na kidhibiti kilichomo garini huiamuru pampu hiyo badala ya kuziamuru sumaku. Vidhibiti vingine haviwezi kuelewana na pampu za aina hii, kwa hiyo soma maelezo ya pampu kabla ya kulipa. Ukiwa huna uhakika trela lako ni la aina gani, lala chini uchungulie nyuma ya gurudumu. Ukiona nyaya mbili nyembamba zimeingia kwenye bamba lililo nyuma ya ngoma, hizo ni breki za umeme. Ukiona bomba, ni mafuta, na hapo itabidi ulifuate bomba hilo hadi mbele ujue mafuta yanasukumwa na nini.

Kabla ya kununua chochote nilifungua ngoma moja ili nione kazi inavyofanyika, na ninamshauri kila mwenye nafasi afanye hivyo, kwa sababu mambo mengi yaliyonitatiza baadaye yalieleweka kutokana na dakika zile ishirini. Ndani mna viatu viwili vya breki kama ilivyo katika ngoma ya gari lolote. Tofauti ni kwamba mahali pa silinda ya mafuta pana mkono wa chuma, na kwenye ncha ya mkono huo imekaa sumaku ya umeme yenye ukubwa wa kopo dogo la mafuta ya kujipaka. Umeme ukipita katika koili yake, sumaku hung'ang'ania uso wa ndani wa ngoma, na kwa kuwa ngoma inazunguka, sumaku huburutwa nayo kidogo, ikauvuta mkono, na mkono ukavitanua viatu hadi vikaisugua ngoma. Kwa maneno mengine, nguvu ya kusimamisha trela hutoka kwenye mzunguko wa gurudumu lenyewe, na kazi ya umeme ni kushika tu. Ndiyo maana breki hizi haziwezi kutegemewa kulizuia trela lililosimama kwenye mteremko, na ndiyo maana kiasi cha umeme kinachofika kwenye sumaku, si kile kinachotoka kwenye betri, ndicho kinachoamua kila kitu.

Sumaku za ngoma za inchi 10 au 12 hunywa takriban ampea 3 kila moja zikipewa volti 12. Trela langu lina ekseli mbili, kwa hiyo sumaku nne, na jumla yake ni kama ampea 12. Weka akilini namba hiyo ya 12, nitairudia.

Vidhibiti vyenyewe, ukiacha rangi na vioo vyake, vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vile vinavyofuata saa. Ukikanyaga breki, kifaa hupata habari kwamba taa za breki zimewaka, kikaanza kupeleka umeme kidogo kidogo hadi kufikia kiwango ulichokipanga, kwa mwendo ule ule kila mara. Hakijui kama umegusa pedali ili kumpisha mtembea kwa miguu au umeikandamiza kwa sababu lori limesimama ghafla mbele yako. Kidhibiti changu cha kwanza kilikuwa cha kundi hili, na nilikinunua kwa kuwa kilikuwa rahisi na kidogo kwa umbo. Kwenye foleni ya mjini kilinichosha: kila nilipogusa breki kwa sekunde mbili tatu, trela lilishtuka na kulivuta gari kwa nyuma, na nilipopunguza kiwango ili kuondoa mishtuko hiyo, barabara kuu nikakuta kinachelewa. Sisemi kwamba hakifai. Kwa mtu anayevuta trela jepesi mara chache kwa mwaka kinatosha, na kina sifa moja ambayo wengi huisahau, nayo ni kwamba kinaweza kufungwa kwa pembe yoyote, hata kikalazwa ubavu, kwa kuwa hakipimi chochote.

Kundi la pili ni la vidhibiti vinavyohisi mwendo wa gari. Ndani yake mna kipimo cha kuhisi kasi inavyopungua. Zamani kilikuwa pendulo, siku hizi ni kidude cha kielektroniki. Gari likipunguza mwendo taratibu, trela hupewa umeme kidogo. Gari likisimama kwa kishindo, trela hupewa umeme mwingi papo hapo. Ukikiendesha wiki moja hutarudi nyuma. Sharti lake ni kwamba vingi vya kundi hili hutaka kufungwa vikiwa vimetazama mbele sambamba na mwelekeo wa gari, na kila kimoja kina kikomo chake cha kuinama kilichoandikwa kwenye kijitabu. Vile vya kizamani vya pendulo huhitaji kusawazishwa kwa mkono, na gari lenye mzigo mzito uliolishusha nyuma linaweza kukivuruga kipimo hicho.

Kwa wale wanaopenda majina, Prodigy P3 ya Tekonsha ni mfano wa kisanduku chenye kioo kinachoonyesha volti na hitilafu, na kinahudumia ekseli moja hadi nne. Tow-Pro Elite ya REDARC imekwenda njia nyingine: kisanduku chenyewe hufichwa ndani ya dashibodi na dereva huona kitufe cha kuzungusha tu, na hufanya kazi kwenye umeme wa volti 12 au 24, jambo lenye maana kubwa kwa mwenye lori. Viko pia visivyo na waya wa kupitisha ndani ya gari, ambavyo huchomekwa kwenye soketi ya nyuma na kuamuriwa kwa simu. Binafsi sivifurahii, kwa sababu kile kiwiko, yaani kishikizo kidogo cha kidhibiti kinachosukumwa kwa mkono ili kuzifunga breki za trela peke yake, ninataka kiwe mahali ambapo mkono wangu unapajua gizani, si kwenye kioo cha simu. Lakini huo ni mwelekeo wangu, na kwa gari la kukodi au la kuazima ninakubali kuwa vina nafasi yake.

Kiwiko hicho ndicho nilichokitazama kuliko kioo. Trela likianza kuyumba huku na huku kwa upepo au kwa mzigo uliopangwa vibaya, silika ya dereva ni kukanyaga breki za gari, na kufanya hivyo kunaweza kuongeza balaa kwa kuwa gari hupungua mwendo huku trela likizidi kulisukuma kwa upande. Kinachotakiwa ni kuondoa mguu kwenye mafuta na kukisukuma kiwiko polepole, trela livutwe kwa nyuma hadi linyooke. Kwa hiyo chagua kifaa ambacho kiwiko chake unaweza kukifikia bila kukitafuta kwa macho.

Sasa tuingie kwenye nyaya. Nilifanya kazi hii pamoja na mdogo wangu, ambaye ana subira kuliko mimi na mikono yake inapita mahali pembamba chini ya dashibodi. Kwanza tuliangalia kama gari lina tundu lililoandaliwa na kiwanda. Magari mengi ya kuvuta, hasa pikapu za miaka ya karibuni, huja na plagi iliyofichwa chini ya usukani, nawe unahitaji tu kipande cha nyaya kinachooana na kifaa chako. Ikiwa gari lako linayo, furahi na ufuate njia hiyo, hasa kama ni gari ambalo kompyuta yake inasimamia hadi taa, kwa kuwa kukata na kuunga ovyo humo kunaweza kuwasha taa za onyo ambazo hutajua jinsi ya kuzizima. Gari langu ni la zamani kidogo, hivyo halikuwa na kitu.

Karibu vidhibiti vyote vina nyaya nne, na rangi zake zimezoeleka: mweusi wa kupokea chanya ya betri, mweupe wa hasi, mwekundu wa kupokea habari kutoka taa za breki, na wa buluu wa kupeleka umeme kwenye trela. Usiamini rangi kuliko maandishi ya kifaa chako, maana ukibadilisha mweusi na mweupe unaweza kukiunguza kifaa kabla hakijafanya kazi hata siku moja. Tulifungua hasi ya betri kwanza, tukachagua mahali pa kukifunga kisanduku: upande wa kulia wa usukani kwenye gari langu, chini ya dashibodi, pasipogonga goti wala kuzuia njia ya mfuko wa hewa. Jambo dogo linaloharibu vifaa vingi ni skrubu. Zile zilizokuja na kifaa ni fupi kwa makusudi. Ukiweka ndefu zinaweza kupenya hadi ndani na kugusa bodi.

Waya mweusi unatakiwa utoke betrini moja kwa moja, usichukuliwe kwenye waya wa redio au wa kiberiti cha gari kwa sababu tu uko karibu. Ulinzi wake ni sakiti breka ya kujirudisha yenyewe, ya ampea 20 kwa breki mbili hadi nne, au 30 kwa sita hadi nane, ikifungwa karibu kabisa na betri. Fyuzi ya kawaida hufanya kazi, ila ikikatika unabaki bila breki za trela hadi usimame uibadilishe, ilhali sakiti breka ikipoa hujirudisha. Breka hizo huwa na nguzo mbili ambazo hazifanani, moja ya upande wa betri na nyingine ya upande wa kifaa, kwa hiyo tazama alama.

Unene wa waya ni jambo ambalo mimi ningelipuuza kama mdogo wangu asingechukua kalamu. Kutoka betrini hadi kwenye kisanduku, kisha hadi kwenye soketi ya nyuma, kwetu ni kama mita 7. Waya wa shaba wa milimita 2 za mraba kwa urefu huo una ukinzani wa karibu omu 0.06, na ampea zetu 12 zikipita humo zinapoteza takriban robo tatu ya volti katika safari ya kwenda tu, bado kurudi. Waya wa milimita 4 za mraba hupunguza hasara hiyo kwa nusu. Robo tatu ya volti inaonekana ndogo, lakini ikijumlishwa na hasara ya viungio, plagi na waya wa kurudi, ndipo unapokuta trela linaloshika nusunusu na mwenyewe anadhani kidhibiti ni kibovu. Tukanunua wa milimita 4, mweusi, mweupe na wa buluu, tukaupitisha kwenye ukuta wa injini kupitia tundu lenye raba, kwa sababu waya ukipita kwenye bati tupu siku moja mtikisiko utamenya ganda lake. Nyuma tuliufuata mkondo wa nyaya za kiwandani, tukaufunga kila sentimita 30 au 40, mbali na bomba la moshi.

Waya mwekundu ndio ulionifedhehesha. Unatakiwa uungwe kwenye waya unaopata umeme pale tu pedali ya breki inapokanyagwa, na mahali pake sahihi ni kwenye swichi iliyo juu ya pedali, upande unaoelekea kwenye taa. Kuingia pale kulihitaji kulala chali huku kichwa kiko chini ya usukani na miguu inaning'inia nje ya mlango. Mimi nikaona bora nichukue umeme huo nyuma, kwenye taa ya breki ya upande mmoja, ambako waya ulikuwa wazi na karibu. Tukaunganisha, tukarudisha betri, tukachomeka trela. Nikakanyaga breki, mdogo wangu akiwa amechuchumaa karibu na gurudumu akasema anasikia sumaku zinavuma. Nikashangilia. Kisha nikawasha indiketa ili tukague taa zilizobaki, nikamsikia anauliza, "Kaka, mbona trela linapumua?"

Nilishuka nikainama. Kweli, sumaku zilikuwa zikivuma na kunyamaza, zikivuma na kunyamaza, kwa mapigo yale yale ya indiketa. Gari langu hutumia taa moja kwa breki na kwa kukata kona, na waya niliouchukua ulikuwa unabeba habari zote mbili. Kama ningeondoka hivyo, kila nilipoashiria kupinda upande ule trela lingejikwaa mara themanini kwa dakika. Tuliufumua, nikalala chali chini ya usukani kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo, tukapima kwenye swichi kwa multimita: sifuri pedali ikiwa juu, volti 12 na ushee ikikanyagwa, sifuri tena ikiachiwa. Kisha tukarudia vipimo hivyo hivyo huku tukiwasha taa kubwa, indiketa zote mbili, taa za dharura na rivasi. Waya uliobaki sifuri katika hayo yote isipokuwa pedali ikikanyagwa ndio wenyewe. Tumieni multimita na si ile testa ya balbu, kwa kuwa balbu huvuta umeme wa kutosha kuidhuru saketi nyororo ya gari la kisasa.

Habari nyingine kuhusu waya huo ni kwamba unafanya kazi pande zote mbili. Ukisukuma kiwiko, kifaa hurudisha umeme humo ili taa za breki ziwake na aliye nyuma yako ajue unapunguza mwendo. Kagua hilo pia, maana wengi hawalijui hadi wanapogongwa.

Nyuma kulikuwa na soketi ya pini saba za bapa iliyopangwa kwa mtindo wa Amerika Kaskazini, ambayo ina pini yake ya breki za trela, ya hasi, na ya umeme wa kuchaji betri ya trela. Mpangilio wa pini hautoki nchi moja kwenda nyingine bila kubadilika. Soketi mbili zenye pini saba zinaweza kufanana kwa macho na zisilingane kabisa kwa kazi. Fuata mchoro wa soketi yako, kisha hakikisha kwa kipimo upande wa trela.

Baada ya hayo yote, trela lilishika, ila kwa uvivu. Hata kiwango kikiwa mwisho kabisa na kiwiko kimesukumwa hadi kikomo, tairi zilizunguka tu. Mawazo ya kwanza ya kila mtu ni kurudisha kifaa dukani. Badala yake nilifungia ampea mita kwenye waya wa buluu, mdogo wangu akasukuma kiwiko, nikasoma ampea 8 pale nilipotarajia 12. Kisha tukapima volti: kwenye soketi ya gari 12.1, kwenye nyaya mbili zinazoingia katika ngoma 8.2. Volti karibu nne zilikuwa zinapotelea ndani ya trela. Tulimfuata mwizi kwa kupima hatua kwa hatua hadi mbele, kwenye chesisi, ambako waya mweupe wa trela ulikuwa umekazwa kwa skrubu moja iliyokuwa imegeuka kahawia yote. Niliigusa kwa bisibisi, kichwa chake kikabaki mkononi. Umeme wa kurudi ulikuwa ukijitafutia njia kupitia kutu hiyo na kupitia ndoano, ambayo imepakwa grisi na inacheza kila gari linapotikisika. Tulisugua chuma hadi kikang'aa, tukaweka bolti mpya na kipete kilichobanwa vizuri, kisha tukavuta waya mweupe wa milimita 4 kutoka kwenye plagi hadi kwenye ekseli zote mbili ili sumaku zisitegemee chesisi tena. Ampea mita ikasoma 11.6.

Asiye na ampea mita anaweza kutumia dira ndogo ya kawaida. Isogeze karibu na ngoma, mtu akisukuma kiwiko sindano itageuka kuielekea sumaku. Haikwambii nguvu ni kiasi gani, ila sumaku iliyokufa utaijua.

Kupanga kiwango kulitaka mambo mawili yatangulie. La kwanza ni kurekebisha nafasi kati ya viatu na ngoma: inua gurudumu, zungusha kile kigurudumu cha meno kilicho nyuma ya bamba hadi gurudumu ligome kuzunguka, kisha kirudishe hadi libaki likikwaruza kidogo tu. La pili ni kuzizoesha breki, kwa kuwa zangu hazikuwa zimewahi kusugua kitu. Kwenye barabara tupu nilikwenda kilomita 65 kwa saa, nikapunguza hadi 30 kwa kiwiko peke yake, nikarudia mara ishirini nikiziachia zipumue katikati ili ngoma zisipate moto kupita kiasi. Tofauti kati ya mara ya kwanza na ya ishirini ilikuwa dhahiri kwenye kiti.

Kisha, trela likiwa na mzigo, nilikwenda kilomita 40 kwa saa mahali pakavu na tambarare nikakisukuma kiwiko chote. Trela likivuta kidogo tu, nilipandisha kiwango; tairi zilipokwama na kuacha alama za mpira barabarani, nilikishusha kidogo. Kinachotafutwa ni kiwango kilicho chini tu ya pale tairi zinapokwama, kwa sababu tairi iliyokwama haishiki barabara wala haifuati mstari. Kwangu, mzigo ukiwa kamili ni 6.5 kati ya 10, na trela likiwa tupu ni 3.5. Ukisahau kushusha kiwango baada ya kupakua, trela tupu litakuonya kwenye breki ya kwanza kwa kurukaruka. Mvua ikinyesha mimi hushusha tena kidogo.

Limebaki lile kasha dogo la mbele ya trela lenye betri na kipini kilichofungwa kwa kamba ya waya. Trela likichomoka kwenye ndoano, kamba huchomoa kipini, na betri hiyo huzipa sumaku umeme bila kumsubiri dereva. Australia, kwa mfano, mfumo huo ni wa lazima kwa trela linalozidi kilo 2,000. Langu lilikuwa nao, ila betri yake ilikuwa imekufa kitambo kwa kuwa pini ya kuchaji haikuwa imeunganishwa na chochote. Nimeweka mpya na ninaijaribu mara moja kwa mwezi, kwanza nikichomoa plagi kutoka garini, maana umeme wa betri ile ukirudi nyuma kupitia waya wa buluu unaweza kukiharibu kidhibiti. Nachomoa kipini, nasogeza gari polepole hadi trela linagoma, narudisha kipini. Jaribio zima halizidi nusu dakika, na kipini hakiachwi nje kana kwamba ni breki ya mkono, kwa sababu betri huisha na sumaku hupata moto bure.

Juzi kioo cha kidhibiti kilinionyesha kwamba hakuna trela, nalo lipo nyuma yangu. Nilisimama, nikachomoa plagi, nikakuta pini ya breki imefanya ukungu wa kijani. Msasa mwembamba na grisi kidogo ya umeme vilitosha. Msasa huo sasa unakaa kwenye kisanduku cha glavu, pamoja na kikaratasi chenye zile namba mbili, 6.5 na 3.5, ambazo mdogo wangu aliziandika kwa herufi kubwa akidai kwamba mimi husahau.